Nafuu ya nyumba iwafikie wazee wa mashambani

Mvua ya masika ilipokuwa imeshika kasi, nilikwenda Shinyalu kumjulia hali ajuza mmoja ambaye kwa desturi yetu namwita kukhu, yaani nyanya. Nilimkuta ameketi kwenye pembe ya chumba, mahali pekee ambapo paa lilikuwa halivuji. Sufuria mbili zilikuwa zimewekwa sakafuni kukinga maji, na ukuta wa nyuma ulikuwa umebonyea kwa unyevu. Redio yake ndogo ilikuwa ikitangaza habari za nyumba za bei nafuu. Akanigeukia na kuniuliza: "Mwalimu, hiyo nafuu wanayoitaja, ni ile ya mgonjwa?"

Nilicheka, naye akacheka. Hata hivyo, nilipokuwa njiani kurudi mjini Kakamega, swali lake lilinisumbua, kwa kuwa lilikuwa la kiisimu kuliko alivyodhani. Neno nafuu lina asili ya Kiarabu, na ni ndugu wa neno manufaa. Mgonjwa hupata nafuu maumivu yanapompungukia. Mnunuzi hupata nafuu bei inapomwondolea uzito. Katika matumizi yote mawili, sharti awepo mtu anayenufaika. Nyumba haiwezi kuwa nafuu hivi hivi tu. Huwa nafuu kwa mtu fulani mwenye kipato fulani. Basi yatupasa tuulize, bila chuki wala ushabiki wa kisiasa: nyumba hizi ni nafuu kwa nani?

Wasomaji wengi wa safu hii ni walimu, na hawahitaji kukumbushwa habari za ushuru wa nyumba. Wanauona kila mwezi katika hati ya mshahara. Ulianza kukatwa mwaka 2023 chini ya Sheria ya Fedha ya mwaka huo. Mnamo Novemba 2023 Mahakama Kuu ilitamka kwamba ulikiuka Katiba, mojawapo ya sababu ikiwa kwamba ulibagua kwa kuwatoza wenye ajira rasmi pekee. Serikali ikarudi Bungeni, na mnamo Machi 2024 Rais William Ruto akatia sahihi Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu. Mfanyakazi hutoa asilimia 1.5 ya mshahara wake, na mwajiri huongeza kiasi kama hicho. Mwalimu anayepata shilingi 40,000 hutoa shilingi 600 kila mwezi, na mwajiri wake 600 nyingine.

Si haki kusema kwamba fedha hizo hazina kazi. Mwezi Mei 2025 familia kadhaa zilikabidhiwa funguo za nyumba za Mukuru jijini Nairobi, na aliyewahi kuishi katika kibanda cha mabati kando ya mtaro wa maji machafu anajua thamani ya chumba chenye maji na choo. Vijana wengi nao wamepata vibarua katika maeneo ya ujenzi. Sheria yenyewe inawagawa wanunuzi kwa mapato: nyumba za kijamii ni za anayepata chini ya shilingi 20,000 kwa mwezi, na wanaopata zaidi ya hapo wana nyumba za daraja lao.

Lakini tazama msingi wa mpango wote. Mwananchi hujiandikisha kwa mtandao, huweka malipo ya awali, kisha hulipa kidogo kidogo kwa miaka mingi. Huu ni mpango wa mtu mwenye pato la kila mwezi, mwenye umri wa kungoja, na aliye radhi kuishi ghorofani mjini. Kukhu hana hata moja kati ya sifa hizo. Hana mshahara. Amepita miaka sabini. Hataki kuhama, kaburi la mumewe liko nyuma ya nyumba yake, na migomba yake iko mbele. Wala hahitaji nyumba ya kununua. Anahitaji mabati, misumari, nguzo chache zisizoliwa na mchwa, na fundi.

Wapo watakaosema kwamba mzee kama huyo anahudumiwa na mpango wa Inua Jamii. Ni kweli kwamba tangu mwaka 2018 serikali imekuwa ikiwapa posho wazee waliotimiza miaka 70, shilingi 2,000 kwa mwezi. Fedha hizo zimewaokoa wengi na njaa, na aliyebuni mpango huo anastahili shukrani. Hata hivyo, tufanye hesabu. Shilingi 2,000 kwa mwezi ni shilingi 24,000 kwa mwaka, na ndani yake mna unga, sukari, dawa za shinikizo la damu na nauli ya kwenda hospitalini. Tena mara nyingi malipo huchelewa kwa miezi. Katika fedha hizo, paa husubiri. Na katika kaunti yetu, inayopata mvua karibu mwaka mzima, paa halina subira.

Hapa sina budi kutaja jambo linalonitia haya kama mwana wa nchi hii. Katika jamii nyingi za Waluhya, mwanamume mzima akifa bila nyumba yake bomani, jamaa humjengea moja upesi kabla ya maziko. Huchangishana fedha, hukata fito, huezeka bati, na kwa siku moja au mbili nyumba husimama. Sibezi mila hiyo. Ina hekima yake, maana inasema kwamba hakuna mtu anayestahili kuondoka duniani bila makao. Lakini kama tunaweza kumjengea maiti nyumba kwa siku mbili, kwa nini aliye hai anyeshewe miaka kumi? Mila iliyompa marehemu heshima haikukusudia kumnyima mzee aliye hai.

Jambo hili pia si la hisani. Kifungu cha 43 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa kila mtu haki ya kupata makao yanayofaa. Kifungu cha 57 kinaitaka Dola ichukue hatua ili wazee waishi kwa heshima na kupata matunzo kutoka kwa jamaa zao na kutoka kwa Dola. Vyote viwili vimetajwa, jamaa na Dola. Hakuna anayeruhusiwa kumtupia mwenzake mzigo wote. Tunaposema "msaada wa serikali" tuelewe kwamba twazungumzia haki iliyoandikwa, ambayo haitegemei huruma ya mkubwa yeyote.

Afrika Kusini inatupa funzo la pande mbili. Baada ya uhuru wa mwaka 1994, serikali ya huko iliamua kuwapa nyumba bila malipo watu wa familia zenye mapato ya chini kabisa. Mamilioni walipata paa. Wakati huohuo nyumba nyingi zilijengwa mbali na kazi na mbali na jamaa, kwa sababu ardhi ya huko ilikuwa rahisi. Funzo ni kwamba inawezekana kumsaidia asiye na kitu bila kumgeuza mnunuzi, na kwamba kumhamisha mtu kutoka mahali anapoishi kuna gharama yake.

Pendekezo langu ni dogo. Sheria ya mwaka 2024 inazitaja pia nyumba za mashambani, kwa hivyo mlango upo. Sehemu maalumu ya fedha za ushuru itengwe kila mwaka kwa ajili ya kukarabati na kujenga upya nyumba za wazee wasiojiweza, papo hapo walipo, kama ruzuku. Isiwe mkopo, kwa sababu hati nyingi za mashamba huku kwetu bado zina majina ya mababu waliofariki zamani, na hakuna benki itakayozikubali kuwa dhamana. Serikali za kaunti zishirikishwe. Yetu ya Kakamega imewahi kuwajengea nyumba baadhi ya wasiojiweza katika wadi zake, kwa hivyo si mgeni wa kazi hiyo. Na kazi yenyewe wapewe vijana wanaofunzwa uashi na useremala katika vyuo vya ufundi vya vijijini. Mzee apate paa, kijana apate ujira na uzoefu.

Najua pingamizi litakalotolewa: orodha zitajazwa jamaa za wakubwa. Hofu hiyo ina msingi. Ndiyo maana majina yasomwe hadharani katika baraza la chifu, mbele ya maliguru na wanakijiji, kila mtu akiwa na ruhusa ya kupinga. Kijijini hakuna asiyejua ni nyumba ya nani inayovuja. Walimu wana nafasi kubwa hapa. Ninyi ndio mnaoaminiwa kusoma na kuandika kwa niaba ya wengine, na ushuru huo hutoka mifukoni mwenu. Hudhurieni mabaraza hayo. Nanyi wanafunzi, mnapoliona neno kama nafuu katika bango la serikali, lichambueni kama mnavyochambua sentensi darasani. Tafuteni mtendwa yuko wapi, na kama hayupo, ulizeni ni nani aliyemwondoa.

Wahenga walisema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Ukuta wa kukhu umekwisha kupita hatua ya ufa. Tulipomaliza mazungumzo aliniomba nimsaidie kuisogeza sufuria moja, kwa kuwa tone lilikuwa limehama. Niliisogeza. Hiyo ndiyo nafuu pekee niliyoweza kumpa siku hiyo, na si haba kama ni ya jirani. Kwa Dola inayokusanya ushuru wa nyumba kila mwezi, ni haba mno.