Tulimwambia, Hatukumwuliza

Assalaamu alaykum wa rahmatullahi wa barakatuh.

Ndugu mmoja, msomaji wa safu hii, alitusimamisha baada ya swala ya Ijumaa akasema kwa upole: “Kila wiki mnatuonya juu ya runinga na simu. Je, nyumbani kwenu hamtazami kitu?” Swali lilikuwa la haki, na jibu ni kwamba tunatazama. Sisi wawili, baba na mama tunaoandika safu hii, tulikwisha kukubaliana kwamba Jumapili moja katika kila mwezi familia nzima itaketi kutazama filamu moja, ambayo sisi tumeitazama kwanza, kisha tuizungumze. Wapo wenye elimu wanaokataza muziki wa ala kabisa, nasi hatuandiki ili kujibizana nao. Tunaandika kueleza yaliyotupata Jumapili moja, kwa idhini ya binti yetu mkubwa, maana habari hii ni yake kuliko ilivyo yetu.

Filamu tuliyoichagua ni ya kale. Jina lake Fiddler on the Roof, yaani mpiga fidla juu ya paa, na ilitolewa mwaka 1971. Kabla ya kuwa filamu ilikuwa mchezo wa jukwaani wenye nyimbo, ulioonyeshwa kwanza Broadway, New York, mwaka 1964, ukaendelea kwa maonyesho zaidi ya 3,000. Na kabla ya mchezo kulikuwa na hadithi, zilizoandikwa kwa Kiyidishi, lugha ya Wayahudi wa Ulaya ya Mashariki, na mwandishi aliyejiita Sholem Aleichem. Tulipowatajia watoto jina hilo walitutazama kwa mshangao. Naam, ni maamkizi yale yale tuliyoanza nayo makala haya: amani iwe juu yenu. Mwandishi yule aliyafanya maamkizi ya watu wake kuwa jina lake la uandishi.

Kisa chenyewe ni cha Tevye, muuza maziwa maskini katika kijiji cha Anatevka, katika dola ya Urusi ya mfalme, yapata mwaka 1905. Ana mke, Golde, na mabinti watano. Farasi wake anachechemea, naye hulikokota gari la maziwa mwenyewe. Kila jambo katika kijiji chake lina mila yake: namna ya kuvaa, namna ya kula, nani apeleke posa na nani atoe jawabu. Mabinti watatu wakubwa wanafikia umri wa kuolewa, na kila mmoja anamsukuma baba yake hatua moja mbele ya mila hiyo.

Tulianza saa kumi na nusu, baada ya Alasiri. Bibi yao alikuwa kwenye kiti chake, na kijana wetu wa kidato cha tatu akawa mkalimani wake. Fidla ilipolia, Bibi, ambaye ujana wake ulikuwa wa taarabu, alisema yule mpigaji anaijua kazi yake. Tukamweleza kwamba aliyepiga hasa ni Isaac Stern, mmoja wa wapiga fidla mashuhuri wa zama zake. Alipotokea Yente, mshenga wa kijiji, anayeingia nyumba za watu na maneno mengi kuliko habari, Bibi hakungoja tafsiri. “Huyu namjua,” alisema. “Alikuwa mtaa wetu.”

Jambo la kwanza lililowapendeza watoto ni kwamba kijiji kilikuwa kijiji kweli. Jukwaani, nyumba za Anatevka ni picha na mbao, na mtazamaji hukamilisha kwa akili yake. Mwongozaji wa filamu, Mkanada Norman Jewison, aliwapeleka wachezaji Yugoslavia, kwenye vijiji vya nyumba za mbao, wakaigiza kati ya tope, mabata na farasi. Mpiga picha, Oswald Morris, alitandaza soksi ndefu ya kike mbele ya lenzi ili kila kitu kiwe na rangi ya udongo, akatunukiwa Oscar kwa kazi hiyo. Na Topol, aliyeigiza baba mwenye mvi na mzigo wa mabinti watano, alikuwa na umri wa miaka 35 tu. Kijana wetu alikataa kuamini mpaka tulipomhesabia.

Basi tulikuwa katika furaha hiyo lilipokuja tukio la mwuza nyama.

Lazar Wolf ni mjane wa makamo, tajiri kwa kipimo cha kijiji. Anamwita Tevye ili kumposa binti yake mkubwa, Tzeitel. Tevye hajui alichoitiwa. Anadhani tajiri anataka kumnunua ng’ombe wake wa maziwa. Wakakaa wakizungumza, mmoja akimkusudia ng’ombe, mwingine akimkusudia binti, na maneno yakawafaa wote wawili. Sote tulicheka. Mdogo wetu wa miaka 9 alicheka hadi akaanguka mkekani. Binti yetu mkubwa hakucheka. Aliinuka, akasema anakwenda kutazama chungu jikoni, ilhali jikoni hapakuwa na chungu motoni.

Msomaji hana budi aelewe ilivyokuwa. Mwezi mmoja kabla ya siku ile tulikuwa tumepokea barua ya posa yake. Mposaji alikuwa mfanyabiashara mwenye umri uliokwenda kidogo, mwenye swala, mwenye sifa njema msikitini kwake, na barua ililetwa na ami yake binti, ndugu tunayemheshimu. Hatukuona kasoro. Tulimwita binti yetu, tukamweleza. Aliinamisha kichwa. Tukasema alhamdulillah, tukijua kama mjuavyo kwamba sheria imezingatia haya ya mwanamwali, ikaukubali ukimya wake kuwa idhini. Tukaanza kuhesabu viti.

Alirudi kutoka jikoni, akaketi nyuma ya Bibi. Filamu ikaendelea. Tzeitel akamlilia baba yake, kwa kuwa moyo wake uko kwa Motel, fundi cherehani maskini, rafiki yake tangu utotoni. Hapo Tevye akaanza kujadiliana na nafsi yake, kwa upande huu na kwa upande ule, kama afanyavyo katika kila jambo zito. Jukwaani, mwigizaji huwageukia watazamaji akasema yaliyo moyoni. Filamu ina uwezo mwingine: ghafla vijana wale wawili wanaonekana mbali, wadogo, upande wa pili wa uwanja, na baba amesimama peke yake akihesabu hoja. Anapomaliza, umbali unaondoka. Sisi wawili tulitazamana. Tangu barua ile ifike tulikuwa tumesimama pale pale aliposimama Tevye, tukihesabu umri, mali, heshima ya ami na maneno ya watu, na binti yetu alikuwa mbali namna ile.

Tevye alikubali, kisha akabaki na tatizo la kumwambia mkewe. Akazua ndoto: marehemu wametoka makaburini kuja kuipinga ndoa ya mwuza nyama. Mdogo wetu akapiga kelele, “Baba, ameota uongo!” Tukasimamisha filamu kidogo. Tukawakumbusha kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, ametoa onyo kali kwa anayedai ndoto ambayo hakuiota. Kijana akauliza, “Basi angefanyaje?” Tukajibu kwa wepesi kuliko tulivyostahili: “Angesema kweli.” Hatukujua kwamba zamu yetu ilikuwa karibu.

Filamu ina mapumziko yake katikati, baada ya arusi ya Tzeitel kuvamiwa na watu wa serikali, meza kupinduliwa na mito kuchanwa. Adhana ya Magharibi ilitukuta hapo. Tuliswali jamaa, na baada ya swala mama alimfuata binti jikoni alikokuwa akiosha vikombe.

“Mwanangu, ile posa. Tulipokuuliza ulinyamaza.”

Binti alizima bomba. “Mama, mliniambia. Hamkuniuliza.”

Hatuna la kuongeza juu ya maneno hayo. Tuliporudia mioyoni mwetu tulichomwambia siku ile, hatukuona swali hata moja ndani yake. Ulikuwa ni habari, na mwisho wake alhamdulillah. Wanavyuoni walioupokea ukimya wa mwanamwali kuwa idhini wametahadharisha pia kwamba ukimya wenye dalili ya kuchukia si idhini. Na katika hadithi sahihi imo habari ya Khansaa bint Khidham, aliyeozwa na baba yake pasipo ridhaa yake, akapeleka mashtaka kwa Mtume, na ndoa ile ikavunjwa. Hadithi hiyo tumewahi kuitaja katika safu hii hii. Kuijua kwetu hakukutuzuia kuhesabu viti.

Nusu ya pili tuliitazama kwa utulivu zaidi. Bibi alifurahi Motel alipopata cherehani, na kijiji kizima kikaja kuitazama kama watu wanaotazama mtoto mchanga. Naye Tevye, aliyekwisha kuona mabinti zake wakitaja mapenzi, anamwuliza mkewe baada ya miaka 25 ya ndoa iliyopangwa na wazee kama anampenda. Golde anamjibu kwa kumhesabia kazi za miaka yote hiyo. Watoto walimgeukia Bibi. “Babu yenu hakuniuliza hayo,” alisema. “Lakini hakuingia nyumbani siku moja bila tambuu yangu mkononi.” Tunaandika maneno yake ili asiwepo atakayedhani kwamba tunazidharau ndoa za wazee wetu. Mila ile ililea watu. Ila hata ndani yake palikuwa na binti, na binti alikuwa na jawabu.

Yapo katika filamu ambayo hatukuyapitisha kimya: ulevi katika kilabu, na kamba iliyotenga wanaume na wanawake arusini, ambayo kijana mgeni anaivuka ili acheze na msichana, watu wakamwiga. Na binti wa tatu, Chava, anaolewa nje ya dini yake. Hapo Tevye hahesabu tena hoja. Anaona akipinda zaidi atavunjika, anamkana. Tuliwaeleza watoto kwamba mpaka huo nasi tunao, na haukuwekwa na mila. Kijana akauliza kama ni lazima baba asimtazame tena mwanawe. Tukamkumbusha kisa cha Asmaa bint Abi Bakr, aliyemwuliza Mtume kuhusu mama yake ambaye hakuwa Mwislamu, akaamrishwa amuunge. Mwisho wa filamu, wakati wa kuagana, Tevye anatamka dua moja kwa sauti ya chini ili apelekewe Chava, pasipo kumtazama. Bibi alifuta macho kwa ncha ya mtandio.

Waliagana kwa sababu amri ilikuwa imefika: Wayahudi wote wa Anatevka wauze walivyo navyo na waondoke ndani ya siku tatu. Tevye anaelekea Marekani, na Yente anakwenda nchi takatifu. “Si ndiyo Palestina?” akauliza mdogo wetu. Tukamjibu kwamba ndiyo, na kwamba mwaka 1948 mamia ya maelfu ya Wapalestina nao walifukuzwa au wakakimbia makwao, wengine wakiwa na funguo za nyumba mikononi. Qur’ani inatuamrisha kwamba chuki juu ya watu isitutoe katika uadilifu. Dhulma waliyotendewa Wayahudi wa Urusi ilikuwa dhulma, na machungu ya aliyefukuzwa hayahalalishi kumfukuza mwingine. Mtoto aliyeona familia ikifunga mizigo yake kwenye gari la maziwa alilielewa hilo bila hotuba ndefu.

Wazazi wenzetu, kwa yule ndugu aliyetuuliza, tunasema haya machache. Itazameni filamu nyinyi kwanza, msiwatangulize watoto. Simamisheni panapohitaji neno, na neno liwe fupi. Swala ikiingia, filamu ingoje. Na mkiwa mmeketi pamoja, msitazame kioo peke yake. Tazameni pia nani hakucheka na nani ameinuka.

Ama binti yetu, safari hii tulimwuliza. Aliomba amwone mposaji mbele ya kaka yake, akamwona; akaomba siku za istikhara, tukampa. Kisha akasema hapana, kwa adabu, na macho yake yalikuwa juu. Sisi hatukuwa na ndoto ya kuzua. Tulikwenda kwa ami yake tukamwambia kwamba kosa ni letu, tulitoa matumaini kabla ya kupata idhini. Mposaji, Allah amlipe heri, alipokea jawabu kwa uungwana. Ami hakulipokea hivyo. Ni mwezi wa tatu sasa hajakanyaga kwetu, na salamu zetu anazijibu kwa kifupi.

Hatutangoja aje. Idi ikifika, inshaallah, tutakwenda sisi, na binti atakuwa mbele yetu na sinia la kwanza.

Wabillahi tawfiq.