Tusiwalaumu Akina Mama



Jioni nyingi hapa Nyamirambo, isombe na maharage vimeanza kuzipisha soseji na baga zilizogandishwa za supamaketi. Nasi tumezionja. Ni tamu na zinaiva upesi. Lakini je, tumesoma paketi? Jelatini yaweza kuwa ya nguruwe. E471 yaweza kutokana na mafuta ya mimea au ya mnyama, na mara nyingi paketi haisemi. Mtume (S.A.W.) ametufundisha tuache yenye shaka.

Wapo wanaosema ni uvivu wa akina mama. Si haki! Mama anarudi kutoka sokoni magharibi, amechoka. Baba yuko barazani, kijana anatazama mpira, wote wanangoja sahani. Bi Aisha (R.A.) amesimulia kuwa Mtume (S.A.W.) alikuwa akiwahudumia watu wa nyumbani kwake. Sisi ni nani hata tushindwe kumenya kitunguu?

Akina baba na wanafunzi, tuingieni jikoni. Maharage tuyaloweke usiku, tuyachemshe kwa zamu. Paketi zitaondoka zenyewe, inshaallah.

Wabillahi tawfiq.