Nyumba ya Msichana iko Wapi?

Wahenga walinena kwamba mwacha mila ni mtumwa. Methali hii tumeiandika katika insha nyingi mno, tukapewa alama, tukasahau. Leo nataka kuuliza swali moja tu, wasomaji wapenzi: katika hizo mila tunazohimizwa tusiziache, msichana ana mahali gani?

Mjini Kisumu kuna makumbusho yaliyofunguliwa mwaka wa 1980. Wengi wetu tukiyasikia yakitajwa huwaza nyoka na mamba, basi. Kumbe ndani yake kuna boma kamili la Wajaluo, liitwalo Ber-gi-dala, lenye nyumba za ukubwa wa kawaida. Ni boma la mzee wa kubuniwa, wake zake watatu na mwanawe wa kwanza wa kiume. Nyumba ya mke mkubwa, mikayi, imeelekea lango. Ya mke wa pili, nyachira, huwa upande wake wa kulia, na ya mke wa tatu, reru, upande wa kushoto. Kijana naye ana simba yake karibu na lango.

Likizo ya Agosti tulizuru huko: baba, mama, nyanya, ndugu yangu mdogo na mimi. Ndugu yangu alipoiona simba alirukaruka akisema, "Hii ni yangu!" Nami nikauliza, "Na yangu je?" Baba akacheka, akasema ati msichana ni wa kuolewa. Nyanya hakucheka. Alitueleza kwamba zamani wasichana walilala siwindhe, nyumba ya bibi kikongwe, na humo walifunzwa hadithi, vitendawili, adabu na mambo ya unyumba. Kwa kifupi, ilikuwa shule ya bweni! Maelezo hayo ya dakika kumi yalinifaa kuliko kuta zote nilizoziona.

Maoni yangu ni mawili. Kwanza, boma bila watu ni nyumba tu. Siku tuliyokwenda, zote zilikuwa kimya. Huko Uswidi, makumbusho ya Skansen, yaliyofunguliwa mwaka wa 1891, huwa na watu waliovaa mavazi ya kale na kufanya kazi za kale mbele ya wageni. Sisi tunao akina nyanya ambao hawahitaji hata kuigiza, kwa sababu mambo hayo waliyaishi. Mbona wasialikwe siku za likizo, wakae pale watusimulie, na walipwe kama wafanyakazi wengine?

Pili, tukionyesha mila tuonyeshe pia waliokosa nafasi ndani yake. Shangazi yangu alipoachika na kurudi nyumbani, maneno yalikuwa mengi. Hakuna aliyesema hapendwi, la! Shida ilikuwa mahali pa kumjengea, maana binti hana nyumba katika boma la babake. Mwishowe alijengewa nje ya ua, na huko ndiko anakoishi na watoto wake wawili. Hali Katiba yetu ya mwaka wa 2010, kifungu cha 60, inataka ubaguzi wa kijinsia uondolewe katika sheria, mila na desturi zinazohusu ardhi.

Najua wapo watakaosema kwamba huyu msichana amesoma akapotoka. Hebu tutazame vijijini mwetu. Paa za nyasi zimekuwa za mabati, na wanaume wengi wana mke mmoja tu. Sijasikia mtu akilia kwamba mabati yameua mila. Basi mbona ikitajwa nyumba ya msichana ndipo kila mtu huikumbuka mila? Ikiwa mila iliweza kuyapokea mabati, itashindwaje kumpokea binti wa boma lile lile?

Naomba Chama chetu cha Kiswahili kipange ziara ya Kisumu muhula ujao, na kila mwanachama akiweza aje na nyanya au babu yake. Kabla ya siku hiyo, kila mmoja aulize kwao: msichana alilala wapi, alifunzwa nini, na akirudi nyumbani leo atajengewa wapi? Majibu tuyachapishe katika toleo lijalo la jarida hili. Wavulana pia waulize, maana wao ndio watakaokuwa wenye maboma kesho, na dada zao watakuja kubisha langoni.