Watu wa Gazi, Tushukeni Matopeni

Ndugu zangu wa Gazi na Makongeni, wake kwa waume, mlioko nyumbani na mliokwenda kutafuta riziki Ukunda, Mombasa na ng'ambo: nawaita kazini, na kazi yenyewe ni ya matope.

Mgeni akitoka Mombasa hukata kushoto kwenye barabara ya Lungalunga, akapita minazi, akatokea kijijini. Akituuliza tuna nini, hatuchukui muda kumwonyesha: msikiti, diko la samaki, mama karanga na makarai yao ya kukaangia samaki, shule, mabomba ya maji. Mwenye kupenda historia tutamtajia Sheikh Mbaruk bin Rashid Mazrui, aliyekuwa na makao yake hapa na akawapiga vita Waingereza mwaka 1895. Lakini wachache watamwambia kuwa maji yale ya bombani yaliletwa kwa pesa za mikoko.

Tuelezane, maana hata sisi wenyeji wengine hatulijui vizuri jambo hili. Mkoko huvuta kaboni kutoka hewani, nyingi yake ikazikwa kwenye lile tope jeusi linalonuka, tunalolitemea mate tukipita. Tangu 2013 mradi wetu wa Mikoko Pamoja huwauzia watu wa mbali kaboni hiyo, kama tani 3,000 kwa mwaka, kutoka hekta 117 za msitu. Pesa zikiingia hujadiliwa barazani, na ndizo zilizotuletea maji, vitabu na matengenezo ya shule. Mwaka 2017 tulipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Ndugu zetu wa Vanga, Jimbo na Kiwegu wakaona, nao wakaanza mradi wao 2019.

Sasa nenda ndani ya msitu maji yakipwa. Utaona visiki vibichi, na boriti zilizofichwa chini ya majani zikingoja giza. Mkataji tunamjua, ni mtoto wetu. Anapata vijisenti vya siku mbili, na wakaguzi wa kaboni wakija, upungufu ule wa miti tunahesabiwa sote. Wazee wanakumbuka miaka ya sabini, mikoko ilipofyekwa ikawe kuni za viwandani. Palipofyekwa pakabaki uwanja mtupu wa chumvi, usio na kaa wala kamba, hadi miche ilipoanza kupandwa upya mwanzoni mwa miaka ya tisini.

Simlaumu mama karanga kwa kutafuta kuni, wala mjenzi kwa kutafuta nguzo. Samaki hakaangwi kwa maneno, na nyumba haisimami bila boriti. Ndiyo maana naomba kila mwenye shamba apande mvinje mpakani. Hukua upesi, hutoa nguzo na kuni, na hakuna askari wa msitu atakayekuuliza. Mlioko ng'ambo, mkituma pesa za sikukuu, tieni na za miche kidogo.

Kwa upandaji wenyewe, hakuna haja ya shahada. Okota mbegu ya mkoko iliyokomaa, ile ndefu ya kijani inayojidondokea yenyewe. Ukilazimika kuivuta, iache. Ichomeke wima kwenye tope, theluthi yake izame, kisha piga hatua moja uchomeke nyingine. Ncha iliyochongoka ndiyo inayokwenda chini. Nalisema hili kwa sababu nimewaona watu wazima, wenye ndevu, wakizichomeka kichwa chini. Mbele kabisa panapopiga mawimbi tuuachie mlilana, ndugu yake, kwani mkoko haupawezi.

Jambo la mwisho ni baraza. Mradi umepangwa uende miaka 20, na miaka mingi imeshapita. Ukikaa nyumbani wakati wa kuamua pesa zitengeneze nini, usije kulalamika kisimani kwamba wakubwa wamekula. Njoo uulize hesabu. Vijana hasa, msiwaachie wazee peke yao kwa kuwa wao ndio wenye subira ya kukaa mkekani.

Bamvua lijalo, maji yakishapwa, tukutane kwenye daraja la mbao la akina mama. Njooni na viatu vya kufunga, maana magamba ya chaza yanakata, na gunia moja la mbegu kwa kila nyumba. Anayeogopa tope atapewa kazi ya kubeba magunia.