KEREZO LA NYUMBANI



Wako wenzetu wa Thika na Ruiru wenye kerezo nyumbani. Jioni, kazi ya mwajiri ikiisha, hukereza bushi na vipuri vya mashine za kusaga mahindi. Twawasifu. Lakini wako pia wateja wanaobisha hodi usiku na kipande cha bomba, wakitaka mtutu wa bunduki.

Wazee wetu walizifanya, ni kweli. Baada ya 1952 wapiganaji wa msituni waliunda bunduki kwa bomba la maji, komeo la mlango, msumari, na mpira wa tyubu wa kuvuta komeo. Waruhiu Itote, yaani Jenerali China, alikuwa mtu wa reli kama sisi, mchochea moto wa gari la moshi. Nyingine zilimpasukia mwenyewe, maana bomba la maji halikufanywa kuzuia baruti. Lakini ile ilikuwa vita ya ardhi. Huyu wa usiku anapigania nini? Sheria ya Bunduki, Sura ya 114, yakataza kuunda silaha bila kuandikishwa, na atakayekutwa na kerezo ni fundi.

Tarehe 8 Aprili 2021 Serikali ilifungua kiwanda cha bunduki papa hapa Ruiru, chenye uwezo wa bunduki 12,000 kwa mwaka. Basi ufundi huu wahitajiwa mchana, kwa mshahara. Asiye na cheti huachwa mlangoni, hata awe hodari namna gani. Mitihani ya ufundi ya Serikali ipo, daraja la tatu hadi la kwanza. Twadai waajiri walipe ada, na siku ya mtihani isikatwe mshahara. Mwenye kerezo apeleke jina kwa katibu wa tawi.