Afya ya Nyumbani: Mapunye Hayaponi kwa Kupaka Tu

Juma hili tuzungumze juu ya mapunye. Ugonjwa huu hauui mtoto, na kwa sababu hiyo wengi hawauhesabu kuwa ugonjwa. Ukipita Kinole, Matombo au Mgeta saa watoto wanapotoka shule, hutakosa kuona vichwa vyenye mabaka, nywele zimekatika na magamba meupe yamekaa kama vumbi la unga. Wazazi huambiana, “Yatakwisha akikua.” Ni kweli kwamba mapunye mengi hupungua mtoto anapobalehe. Lakini tangu miaka 5 hadi 14 ni muda mrefu wa kujikuna, wa kuchekwa na wenzake, na wa kuwaambukiza wadogo zake.

Kwanza tujue ni kitu gani. Mapunye si laana, wala si alama ya mama mvivu. Huletwa na kuvu, jamaa ya ule ukungu uotao juu ya mkate uliolala. Kuvu hii hula sehemu ngumu ya ngozi, ya nywele na ya kucha. Ikikaa mwilini hufanya duara lenye ukingo ulioinuka, nalo twaliita choa. Ikiingia kichwani ni mapunye. Ikiingia katika ukucha, ukucha hunenepa, hubadilika rangi na kumomonyoka. Wala tusidhani ni aibu ya watu wa milimani peke yao. Uchunguzi wa watoto 420 wa shule za msingi za Dar es Salaam, uliochapishwa mwaka 2010, ulionyesha kwamba zaidi ya nusu yao walikuwa na ugonjwa wa ngozi wa namna moja au nyingine.

Basi, kuvu ni ileile, lakini dawa hutegemea mahali ilipo. Choa ya mwilini iko juu juu. Mafuta ya Whitfield au krimu ya klotrimazoli, ikipakwa mara 2 kwa siku, huifikia. Msiache siku alama inapotoweka, bali endeleeni kupaka juma 1 au 2 zaidi. Jihadharini na krimu za dukani zilizochanganywa na dawa ya kutuliza uvimbe: muwasho huondoka, lakini kuvu huzidi kuenea kimyakimya.

Mapunye ni habari nyingine. Kuvu imo ndani ya unywele hata shinani mwake, kama dumuzi aliye ndani ya punje ya hindi. Ukipangusa punje kwa nje, dumuzi hana habari. Kadhalika kichwa chaweza kupakwa mafuta mwaka mzima, na mapunye yakabaki.

Kwa hiyo hapana budi mtoto ameze dawa, ipite katika damu mpaka kwenye shina la unywele. Dawa ya siku nyingi ni griseofulvini. Iligunduliwa mwaka 1939, na tangu miaka ya mwisho ya 1950 watu wanaimeza. Kabla ya hapo, waganga wa Ulaya walitumia mionzi ya eksirei kuangusha nywele za watoto, na baadhi ya watoto hao walipata saratani walipokuwa watu wazima. Siku hizi vipo pia vidonge vya terbinafini. Mganga wa zahanati au kituo cha afya ndiye atakayechagua na kupima kiasi kwa uzito wa mtoto. Mwambieni kama mtoto ana ugonjwa wa ini au anatumia dawa nyingine.

Hapa ndipo wazazi wengi hushindwa. Griseofulvini humezwa majuma 6 hadi 8, na pengine zaidi. Nywele zikianza kuota katika juma la 3, baba husema mtoto amepona, na fedha iliyobaki hununuliwa chumvi na sabuni. Baada ya miezi michache mapunye yamerudi, na fedha ya kwanza imepotea bure. Afadhali kuuliza tangu mwanzo gharama ya dozi nzima na kujipanga, kuliko kununua nusu mara tatu. Tena vidonge hivi humezwa pamoja na chakula chenye mafuta, ndipo mwili huvipokea vizuri. Karanga, mboga ya nazi au kikombe cha maziwa chatosha. Na huko Mgeta maziwa ya mbuzi si haba.

Ukucha wenye kuvu pia mara nyingi huhitaji vidonge, na subira zaidi, maana ukucha wa mkono huchukua kama miezi 6 kuota wote, na wa mguu mwaka na zaidi.

Wakati mtoto anatibiwa, tazameni na nyumba. Kila mtoto awe na wembe wake, kitana chake na kofia yake. Wembe wa kuchangia huweza kupitisha hata magonjwa ya damu. Kinyozi asafishe mashine kwa spiriti kabla ya kila kichwa. Foronya na kanga zifuliwe na kuanikwa juani. Paka, mbwa au ndama mwenye mabaka huambukiza pia. Mtoto aliyekwisha kuanza dawa asizuiwe kwenda shule wala mafundisho.

Msipake petroli, mafuta ya taa wala maji ya betri. Huunguza ngozi, na kuvu hubaki. Kichwa kikivimba, kikawa laini na kutoa usaha, msikitumbue. Mpelekeni mtoto kwa mganga siku hiyohiyo, maana nywele za mahali hapo zaweza kupotea kabisa. Na baka lisilowasha, ambalo mtoto hasikii likiguswa kwa unyoya, lisitibiwe kama choa. Huenda ni ukoma, ambao bado upo nchini mwetu na una dawa ya kuuponya.

Jumamosi hii, kabla ya kuwaogesha watoto, waketisheni nje penye mwanga. Angalieni vichwa vyao nyuma ya masikio na kisogoni, kisha vidole vyao kimoja kimoja. Mkimwona mmoja anayo, wakagueni wote walalao naye, na wote waende zahanati pamoja.