SEHEMU YA 4: KAKA, NA WEWE KAPIME

Jamani wana Singida, kuanzia Iramba mpaka Manyoni, ndoa ikikosa mtoto ni mke tu anazungushwa kwa waganga. Mume je? Hajapimwa hata siku moja!

Sikilizeni. Damu ikitoka kwenye korodani inatakiwa ipande kurudi kwenye moyo. Vilango vya ndani ya mshipa vikilegea, damu inarudi chini na kutuama, mishipa inavimba, mara nyingi upande wa kushoto. Korodani inapata joto, mbegu zinaharibika. Hiyo ndo varikoseli. Siyo busha, siyo ngiri, siyo kulogwa, na mizizi haikazi vilango. Nguvu za kiume unaweza kuwa nazo kabisa! Upasuaji upo.

Kaka, kabla hujamrudisha mkeo kwao, kapime mbegu.